Zinki: Tumbo laweza kushiba na mwili ukabaki na upungufu

GESIMA, katika Kaunti ya Nyamira, ni eneo la rutuba ambako mahindi, ndizi, wimbi na mboga za kienyeji hustawi. Hata hivyo, kushiba si dhamana kwamba mwili umepata madini ya zinki.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa Kenya ambao hawajaanza shule walikuwa na upungufu huo. Dalili zake ni kudumaa, kukosa hamu ya chakula, kuharisha mara kwa mara na vidonda kuchelewa kupona.

Nafaka na maharagwe yana zinki, lakini pia yana faiteti, kemikali inayozuia madini hayo kufyonzwa. Kuloweka maharagwe, kuotesha wimbi kabla ya kulisaga na kuchachusha uji hupunguza kizuizi hicho. Tangu mwaka 2012, sheria huvitaka viwanda kuongeza zinki katika unga wa mahindi na wa ngano. Mahindi yanayosagwa kijijini hayapati nyongeza hiyo.

Mwili hauna ghala la kuhifadhi zinki, hivyo huhitaji kuipata kila siku. Mahitaji hutofautiana kwa umri. Mwanamke huhitaji takriban miligramu 8 kwa siku. Akiwa mjamzito 11, na anaponyonyesha 12. Maziwa ya mama humtosha mtoto hadi miezi sita. Baadaye, uji mtupu haufai: uchanganywe na omena iliyosagwa, yai au njugu.

Wavulana na wasichana wanaobalehe hukua kwa kasi, basi wasinyimwe nyama, maharagwe na mbegu za malenge. Wazee nao, ambao aghalabu hula kidogo, wapikiwe nyama laini au samaki.

Mtoto akiharisha hupoteza zinki nyingi. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitalini pamoja na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Mzazi asikatize dawa kwa kuwa kuhara kumekoma.

Walakini, tembe zisimezwe kiholela. Zinki ikizidi huuzuia mwili kufyonza shaba. Ushauri wa mhudumu wa afya utangulie.