Je, Wajua? Marimba ya Buganda Ndani ya Fidla

Je, wajua kwamba ukitoka Murusagamba ukaukata mkoa wa Kagera kwenda kaskazini, unaingia nchi ya Justinian Tamusuza? Mtunzi huyu wa Uganda, aliyezaliwa 1951, kazi yake ilipigwa na Kronos Quartet ya Marekani: watu wanne tu, fidla mbili, viola na selo. Kipande chake, Ekitundu Ekisooka, kimo katika albamu yao ya 1992, Pieces of Africa.

Utamu wa kipande hicho unaanzia kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Mmoja anapiga, mwenzake anajaza kila upenyo, kwa kasi inayolifanya sikio lishindwe kujua nani kapiga nini. Wa tatu ana mbao mbili tu za mwisho juu, lakini usimdharau: ndiye anayeuchomoa wimbo uliojificha katika sauti nzito za wenzake. Kupokezana huko ndiko Tamusuza alikokugawia nyuzi.

Yeye aliandika, wengine wakapiga. Katika albamu hiyohiyo, Dumisani Maraire wa Zimbabwe na Mnubi Hamza El Din walipiga tungo zao wenyewe pamoja na wale wanne, Hamza akiwa na tari lake. Watu wa Kagera na Burundi hawashangai mtunzi kupiga utungo wake: kwao mpiga inanga hutunga, huimba na kupiga mwenyewe, tena kwa uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku juu ya ubao uliochongwa.