Kutoka Ras Kitau Hadi Kedong: Mbio Zinazosomwa kwa Mkono

Mwenye kusimama Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, haoni barabara. Anaona mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya Lamu, na humo mashua, majahazi na boti za mashine zikipishana kutwa. Ng'ambo, katika mji wa kale ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda. Mtu anaweza kuzaliwa hapa na kufikia utu uzima bila kuendesha gari. Lakini mbio anazijua tangu utotoni, maana tamasha la utamaduni la Lamu halikamiliki bila mashindano ya punda na ya mashua za tanga.

Nimeuchagua mlango huu kuwa pa kuanzia habari za mbio za magari za mtandaoni, na ninayo sababu. Burudani hii, ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa upotezaji wa muda, inafundisha jambo ambalo manahodha wa Lamu wamelijua siku zote: mwendo husomwa kwa mkono kabla haujaonekana kwa jicho. Ndiyo maana naamini Pwani ina cha kuupa mchezo huu, si cha kupokea tu.

Usukani na kana

Kinachozitofautisha mbio hizi na michezo ya kubonyeza vitufe ni usukani wenye mota ndani yake. Programu hukokotoa bila kupumzika nguvu zinazopita kwenye tairi za mbele, kisha mota huzifikisha mikononi mwa dereva. Gari likiingia kona, usukani huwa mzito. Tairi zikikaribia kupoteza mshiko, uzito ule hupungua ghafla. Dereva aliyezoea hurekebisha papo hapo. Anayengoja kuona gari likitoka nje ya njia amekwisha kuchelewa.

Nahodha wa mashua ya mashindano naye hupewa habari mkononi, ila kwa kinyume. Upepo ukizidi na tanga likielemewa, chombo hutaka kugeukia joshi, yaani upepo unakotoka, na kana, mti anaoushika kuongoza chombo, huwa nzito. Hapo huamuru demani, yaani kamba ya tanga, ilegezwe, mabaharia wahamie upande wa upepo, na yule aliye kwenye ubao uliotokezwa nje ya mashua ajisogeze mbali zaidi juu ya maji. Aliyelelewa na kana akikalishwa mbele ya usukani wa kompyuta atakuta lugha mpya, lakini usikivu unaotakiwa anao tayari.

Sukani hizi zina daraja tatu. Za giya, mfano Logitech G29, ndizo ambazo wengi huanza nazo. Hukwaruza kidogo na huficha habari ndogondogo za barabara, lakini ni imara na aghalabu huuzwa mkononi kwa bei nafuu. Za mikanda, mfano Thrustmaster T300, ni laini zaidi. Daraja ya juu ni zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, kama za Fanatec, Moza na Simucube. Fanatec CSL DD huanzia nguvu ya nyutoni-mita 5, zaidi ya maradufu ya G29.

Hata hivyo, kabla ya kuukimbilia usukani wa bei kubwa, mwanzilishi atazame pedali. Pedali ya breki ya kawaida hupima umbali ambao mguu umeshuka. Iliyo bora hupima nguvu ya mguu, kama breki ya gari la kweli, na misuli hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Anayefunga breki kwa kipimo kilekile kila mzunguko hupata muda ambao mota kubwa haiwezi kumpa.

Fremu ya kufungia usukani, pedali na kiti haihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi wa kuchomelea akipewa vipimo ataiunda kwa chuma, na kiti kitatoka kwenye gari lililokatwa gereji. La msingi ni kwamba isicheze, maana fremu inayotikisika hula habari zote ambazo mota imejitahidi kuzileta. Visiwani, ongeza mambo mawili: kifuniko cha kuzuia hewa ya chumvi isile viunganishi, na betri ya kushikilia umeme ukikatika katikati ya mashindano.

Umbali wa seva

Mashindano yenyewe yana nidhamu kali kuliko wanavyodhani watazamaji. iRacing, huduma ya Marekani iliyoanza mwaka 2008, humpa kila dereva kiwango cha kasi na kiwango cha usalama. Magari yakigusana, wote wawili huandikiwa alama za makosa bila kuulizwa nani alianza. Mgeni huona ni uonevu, kisha baada ya mbio kadhaa huelewa: anafundishwa kumtazama mpinzani, kumwachia nafasi na kungoja. Mbio nyingi hupotezwa kwenye kona ya kwanza na watu waliotaka kuzishinda hapohapo.

Dereva wa Afrika Mashariki ana mzigo wa ziada, nao ni umbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ndizo zilizotutoa kwenye utumwa wa setilaiti. Lakini seva za mashindano mengi ziko Ulaya na Marekani, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hauharakishwi. Kwenda Ulaya na kurudi hula karibu moja ya kumi ya sekunde, na mara nyingi zaidi ya hapo. Gari linalokimbia kilomita 200 kwa saa huwa limekwisha kwenda zaidi ya mita 5. Kwa hiyo gari la mpinzani unaloliona ubavuni ni makisio ya programu kuhusu mahali lilipo. Mwenye busara huacha upana wa ziada. Na nyaya zenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na intaneti ikazorota Kenya na Tanzania.

Ndiyo sababu nawasihi vijana wetu waanze na mbio za rali. Katika rali kila gari huondoka peke yake kushindana na saa. Muda hupimwa kwenye kompyuta yako, kisha hutumwa kulinganishwa na wa wengine, kwa hiyo umbali wa seva haukunyimi haki. Richard Burns Rally, mchezo wa mwaka 2004, bado unaheshimiwa na madereva wakubwa wa mtandaoni kwa ukweli wa mwendo wake, na haudai kompyuta ya kifahari.

Isitoshe, rali ni yetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Iliporudishwa kwenye kalenda ya dunia kwa mwaka 2020, korona iliifuta. Septemba mwaka huohuo mchezo wa WRC 9, uliotengenezwa na studio ya Kifaransa ya Kylotonn, ulitoka ukiwa na Kenya ndani yake. Watu wa mabara yote wakawa wanakimbia kwenye vumbi letu miezi tisa kabla Sébastien Ogier hajashinda mashindano ya kweli, Juni 2021. Vumbi kama la Kedong, huko Naivasha, laini kama unga, linaloficha mawe na kumeza magurudumu, likawa somo kwa watu wasiowahi kufika Naivasha.

Atakayesema huo ni mchezo tu, amtazame Jann Mardenborough, kijana Mwingereza aliyeshinda shindano la mchezo wa video wa Gran Turismo mwaka 2011. Miaka miwili baadaye alishika nafasi ya tatu ya daraja lake katika saa 24 za Le Mans.

Mashua nayo iingie

Hapa ndipo Ras Kitau inapodai nafasi yake. Mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliandaa mashindano yake ya mtandaoni ya michezo mitano, na magari na matanga yalikuwa miongoni mwake. Matanga huendeshwa kwa programu ya Kifaransa, Virtual Regatta, ambayo imekuwa na ubingwa wa dunia unaotambuliwa na shirikisho la mchezo huo tangu 2018. Toleo lake la 2020 la Vendée Globe, mbio za mashua za kuzunguka dunia, liliandikisha wachezaji zaidi ya milioni moja. Katika programu hiyo nimeona J/70, 49er na Nacra 17, vyombo vya klabu za Ulaya na Marekani. Mashua ya Lamu sijaiona.

Inastahili kuwemo kwa sababu mwendo wake ni wa aina yake. Kuligeuza tanga lake ni kuipitisha foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti huku kila baharia akijua pa kusimama. Mlangoni hapa maji ya bamvua huingia na kutoka kwa nguvu, na nahodha huchagua ukingo kwa saa ya kujaa na kupwa kabla hajafikiria upepo. Kusi na kaskazi hubadili hesabu yote.

Kazi ya kuiingiza mashua kwenye kompyuta inawezekana kwa vifaa vilivyopo. Simu yenye GPS itapima kasi kwa kila pembe ya upepo, kipimaupepo kidogo kitatoa nguvu yake, na jedwali la maji kujaa na kupwa litakamilisha. Blender, programu isiyolipiwa, itachora umbo kwa vipimo vya mafundi wa mashua wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Kinachobaki ndicho kigumu, nacho ni maarifa ya wazee: lini kana inakuwa nzito, demani ilegezwe kiasi gani, nani ahame kwanza. Hayo hayamo kwenye faili lolote, na wenye kuyajua wanapungua.

Vyuo vya ufundi vya Pwani, serikali ya kaunti ya Lamu na waandaaji wa mashindano wana kila sababu ya kuwakutanisha vijana wa kompyuta na manahodha hao sasa. Studio ya Paris iliweza kuyafikisha mashamba ya Naivasha kwenye skrini za dunia. Mlango wa Ras Kitau na ufikishwe na watu wake wenyewe, kwa vipimo vyao, na nahodha wa Shela awe ndiye mwamuzi wa kama mwendo ule ni wa kweli.