Sanaa ikichosha, si lazima kipaji kife

Mpiga gitaa wa Kasongo anayekesha kila wiki kwenye ndoa na matanga, anaweza kufika siku nyimbo mpya hazikuji tena. Si uvivu, ni kichwa na mwili vimechoka.

Remmy Ongala, mutoto wa Maniema aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga dansi na Orchestra Makassy, kisha Super Matimila. Miaka ya mwisho aliacha dansi, akaimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Yeye alisukumwa na imani, lakini sauti ilikuwa ileile.

Mwenye kuchoka apumzike kwanza, halafu atafute kile anachopenda bado: pengine kufundisha vijana ao kutengeneza magitaa. Asiache kazi ya zamani mbele mupya haijalisha nyumba.