Waamuzi Wawili, Uwanja Mmoja: Kwa Nini Hubadilishana Nafasi Baada ya Faulo

(Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tupo kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ila macho yetu hayapo kwa wafungaji. Tunawatazama watu wawili wenye filimbi.

Unajua inavyokuwa kambini timu ya kijiji kimoja ikicheza na ya kingine. Filimbi inalia, na mara mtu upande wa mashabiki anapaza sauti: "Refa huyo ni wa kwao!" Neno hilo moja laweza kuvunja mchezo, na ugomvi ukafuatana na watu hadi kwenye foleni ya maji. Lakini mpira wa kikapu una utaratibu unaosaidia kuzuia jambo hilo. Tuuelewe.

Tangu mwanzo kazi iligawanywa. Mwaka 1891, mwalimu James Naismith alipobuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, aliandika kanuni 13. Ndani yake mwamuzi mmoja aliwaangalia wachezaji, mwingine aliuangalia mpira. Alijua kwamba jozi moja ya macho haitoshi.

(Sauti ya mpira ukidundwa.)

Siku hizi, mchezo wenye waamuzi wawili huwa hivi. Mmoja ni mwamuzi wa mbele. Mashambulizi yakianza, yeye hutangulia na kusimama nje ya mstari wa mwisho, karibu na kikapu. Anaangalia kusukumana na kushikana chini ya kikapu. Wa pili ni mwamuzi wa nyuma. Huyu hufuata nyuma ya mpira, kidogo upande wa kushoto. Anaangalia mitupo ya mbali, mstari wa katikati, na mpira unavyoruka kuelekea kikapuni.

Kwa namna hiyo wachezaji wote kumi wanabaki kati ya waamuzi wawili. Mpira ukipokonywa na kwenda upande wa pili, wa nyuma anakimbia na kuwa wa mbele, na wa mbele anafuata akiwa wa nyuma.

Kila mmoja anatafuta kitu kimoja: nafasi iliyo wazi kati ya mshambuliaji na mlinzi. Ukisimama nyuma ya mgongo wa mchezaji, huoni mkono uliogusa, unabahatisha tu. Hatua mbili pembeni zinatosha kukuonyesha ukweli.

(Filimbi moja.)

Sasa faulo imetokea. Aliyeiona anapuliza mara moja, ananyoosha mkono juu akiwa amekunja ngumi. Kisha anasogea mahali ambapo watu wa mezani wanamwona vizuri. Kwa vidole anaonyesha namba ya aliyefanya kosa, kisha aina ya kosa, kisha adhabu: mitupo huru mingapi, au mpira unaelekea upande gani. Haraka hapa ni hatari, kwa sababu mchezaji akifikisha faulo tano anatoka. Namba moja ikiandikwa vibaya kwenye daftari, asiye na kosa anaadhibiwa.

Je, mwenzake anafanya nini? Hamtazami aliye mezani. Anabaki na macho kwa wachezaji, maana mikono ya hasira hurushwa wakati huo. Pia anakumbuka ni nani atakayetupa.

Taarifa ikishatolewa, kwa kawaida wawili hao hubadilishana. Kama aliyepuliza alikuwa wa mbele, sasa anakuwa wa nyuma, na mwenzake anakwenda chini ya kikapu. Ikiwa ni mitupo huru, huyo aliye chini ndiye anayempa mtupaji mpira.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwanza, mchezaji aliyekasirika anapata mwamuzi mwingine karibu yake, na joto linapungua. Pili, jicho jipya linafika mahali penye msuguano. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna timu inayohukumiwa na mtu mmoja chini ya kikapu kilekile mchezo mzima. Kama unamshuku mmoja, ujue kwamba mwenzake atafika pale pia.

Kubadilishana hakumfanyi mwamuzi kuwa mwadilifu, lakini upendeleo unakosa mahali pa kujificha.

Ikiwa wewe unachezesha mechi mtaani kwenu, anza na hili: kabla ya mchezo, kaa na mwenzako dakika tano. Mkubaliane nani anaangalia wapi. Kisha tembeeni uwanjani bila mpira, mkijifanya faulo imetokea, mbadilishane mpaka miguu izoee. Mkiweza, kila upande utoe mwamuzi mmoja.

Nawe shabiki, filimbi ikilia kesho, kabla hujapiga kelele, tazama mwamuzi alikuwa amesimama wapi. Pengine aliona uwazi ambao wewe hukuuona.



(Muziki unapanda, kisha unakwisha.)