Mchimbaji wa Kalehe akizeeka, nani atamulipa?

Mwezi wa 10 mwaka 2024, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inarudisha paundi bilioni 1,5 mu sanduku la pansioni la waliokuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Watu karibu 112 000 waliongezewa 32 %, ni kusema paundi 29 hivi kila juma. Mashimo yao yalifungwa zamani, lakini pesa ya uzee ingali inaingia.

Hatuleti habari hii juu ya kuwatamanisha watu wa Nyabibwe na Numbi bure. Wale wazee nao walikuwa na malalamiko. Mwaka 1994, serikali yao ilipouza migodi, ilikubali kuwa mdhamini: sanduku likikosa pesa, italipa yenyewe. Kwa bei ya ahadi hiyo ilijikatia nusu ya kila faida iliyozidi. Basi faida ikazidi kweli, serikali ikakusanya mabilioni, na wazee wakadai karibu miaka 30. Waliweza kudai kwa sababu kila mmoja alikuwa na jina lake mu daftari na franka zake zilihesabiwa.

Huku kwetu daftari nayo ilikuwako. Wazee wa Kivu na Maniema wanakumbuka SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976: Kamituga, Lugushwa, Kalima, Punia. Mtu alikuwa na mukataba, hospitali, masomo ya watoto, na sehemu ya mushahara ilikatwa juu ya INSS. Kisha pesa ya Zaire ikaanguka. Mwaka 1993, zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja tu. Mwaka 1998, zaire mpya 100 000 zikawa franka moja ya Kongo. Aliyehesabu akiba yake kwa zaire alibaki na karatasi. SOMINKI yenyewe ilivunjwa mwaka 1997, na wafanyakazi wake wa zamani wamezeeka wakidai dekonti finali. Wengine wamekufa wakiidai, na sasa ni watoto wanaobeba mafaili.

Leo sheria iko. INSS imekuwa CNSS, na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 ndiyo inaiongoza. Mtu wa mushahara anakatwa 5 %, mwajiri anaongeza 13 %: 5 ya pansioni, 6,5 ya familia, 1,5 ya hatari za kazi. Kwa mushahara wa dolari 300, mfanyakazi anatoa 15 na bwana kazi 39. Ukifika miaka 60 na umelipiwa miezi 180, ni kusema miaka 15, unapata pansioni mpaka kufa. Isipofika, unapewa pesa ya mara moja tu.

Kama uko na mukataba, mu kampuni, mu kontuari, ao kama shoferi na mulinzi, angalia karatasi yako ya mushahara. Kukatwa 5 % ni jambo moja, pesa kufika CNSS ni jambo lingine. Bwana kazi anaweza kukata na kunyamaza. Weka kila karatasi ya mushahara, barua ya kuanza kazi na namba yako ya CNSS mahali pakavu, na uende kuuliza CNSS ungali na nguvu. Ukingoja miaka 59, kampuni inaweza kuwa imefungwa na hakuna wa kukujibu.

Lakini tuseme ukweli: walio wengi mu mashimo ya Kalehe hawana mushahara. Kodi ya migodi inamutaka krezeri awe na karta na aingie mu kooperative. Mule ndani wanagawana mali na PDG wa shimo, hakuna mukataba, hakuna 5 %, na shimo likimufunika, ile 1,5 % ya hatari za kazi haimuhusu mujane wake. Yeye anapata mchango wa kilio na sukari, basi. Hata Uingereza, ambako tangu mwaka 2012 sheria inalazimisha mwajiri kumuandikisha mfanyakazi mu sanduku la pansioni, anayejitumikia mwenyewe hakuingizwa.

Kwa hiyo watu wamejitafutia. Kuna likelemba, kuna AVEC, kuna MUSO. Tunazisifu, zimesomesha watoto wengi. Lakini AVEC inagawa pesa yote mwisho wa mwaka, na pesa iliyogawiwa mwezi wa 12 haivuki mwezi wa 2. Wengine wananunua ng'ombe na kiwanja. Ni akili nzuri, ila tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi, yakaua watu zaidi ya 400 na kubeba nyumba pamoja na mashamba. Kuna familia zilizopoteza siku moja kila kitu ambacho baba alikuwa amejenga kwa miaka.

MUSO iko na kitu ambacho sisi tunaona kinaweza kusaidia: lile sanduku jekundu la kusaidiana, ambalo haligawiwi, linangoja shida. Pale ambapo kila mufuko unapimwa kabla ya kuwekwa etiketi, kilo zinajulikana na majina yanajulikana. Kitu kidogo kwa kilo kingeweza kuingia mu sanduku la namna hiyo, kikaandikwa kwa jina la kila krezeri, kwa dolari, juu ya mujane, kilema na muzee. Swali gumu ni funguo. Nani atazishika, na nani atasoma hesabu mbele ya wote? Wajumbe wa kooperative wakiitisha mukutano, hilo ndilo la kuwauliza, na mama wa nyumbani waende pia, maana wao ndio wanaobaki na watoto.