Filtri ya sport na mavumbi ya Kolwezi

Mu Kolwezi na Likasi vijana wanapenda sana kutoa sanduku la filtri ya hewa mu motokari za turbo. Wanatupa lile sanduku jeusi la kiwanda, wanatia filtri iliyo wazi chini ya kapo, ile wanaita «filtri ya sport», na turbo inaanza kupiga mluzi. Mluzi ni mtamu, hatukatai. Lakini wengi wao ni watumikaji wa mashimo, na ile Hilux ao Prado njo akiba ya nyumba nzima. Asubuhi inapeleka watu kwa kazi, jioni inabeba unga na makala ya mama. Turbo ikikufa, jamaa yote inatembea kwa miguu. Njo maana sisi wa sendika tunaandika habari ya filtri, hata kama wengine watasema: «Sendika ni ya mishahara tu.» Na mshahara unapotelea wapi?

Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1 400, hewa yetu ni nyepesi. Turbo inasaidia: moshi unaotoka mu motere unazungusha gurudumu dogo, na lile la pili, kwa fimbo ile ile, linasukuma hewa ndani. Yanaweza kupita mizunguko 100 000 kwa dakika. Motere ya litri 3 ikizunguka mara 3 000 kwa dakika inameza karibu litri 4 500 za hewa hata bila turbo. Na turbo inameza zaidi sana. Sasa ile hewa iwe ya nyuma ya kamio, mu barabara ya udongo mwekundu, mwezi wa munane. Mchanga unaopita filtri unasugua mabawa ya turbo kama msasa, kisha unaingia mu silinda unakula segma. Motokari inaanza kunywa mafuta ya motere, inatoa moshi wa buluu, asubuhi inakataa kuwaka. Fundi anasema turbo ilikuwa mbaya. Mara nyingi turbo haikuwa na kosa lolote.

Na ile nguvu ya filtri ya sport? Sanduku la kiwanda linavuta hewa pembeni, mbali na joto. Filtri ya wazi inavuta hewa ya moto chini ya kapo, na hewa ya moto ni nyepesi. Mluzi unausikia kwa sababu umetoa sanduku lililokuwa linaufunika, ni hivyo tu. Zile filtri za pamba na mafuta zinapitisha hewa vizuri, lakini kwa mavumbi laini kama yetu tunapenda zaidi ya karatasi, ya kiwanda kinachojulikana, yenye mpira unaokaa sawa pande zote. Tena ukizidisha mafuta kwa ile pamba, yanachafua kaptere ya hewa, na motere inapoteza hesabu.

Snorkeli, ile tiyo nyeusi inayopanda pembeni ya kioo, tunaikubali. Kule juu mavumbi ni kidogo, na wakati wa mvua maji ya madimbwi yako mbali. Lakini ifungwe kabisa mpaka mu sanduku. Tumeona zingine zimewekwa kwa urembo: juu nzuri, chini tundu liko wazi, motere inavuta mule mule mu mavumbi.

Kama unatengeneza tiyo mwenyewe, shika neno hili: kati ya filtri na turbo, tiyo inavuta, kisha turbo, inasukuma. Tundu la kisha turbo linajulisha: sauti ya upepo, moshi mweusi, nguvu inapungua. Tundu la mbele ya turbo linanyamaza. Linameza mchanga kimya kimya mpaka siku ya kulipa. Kwa hiyo tiyo ya mbele isiwe nyembamba kuliko ya kiwanda, isiwe laini hata ijikunje ikivutwa. Ikiwa ni ya chuma iliyochomelewa, safisha ndani mpaka punje zote za chuma zitoke, kwani punje moja inatosha kuvunja bawa. Ule mpira mdogo unaoleta mvuke wa mafuta toka juu ya motere, uurudishe mahali pake. Na kolie ziwe za chuma. Kamba ya mpira tuwaachie wa baiskeli.

Wengine wanatoa filtri kila siku na kuipiga kwa gurudumu. Acheni. Karatasi inapasuka mahali usipoona, na filtri yenye mavumbi kiasi inachuja vizuri kuliko mpya kabisa. Ikijaa, badilisha.

Hapa tuseme jambo moja la kazi. Kule mashimoni filtri ya kamio inabadilishwa kwa hesabu ya saa, kuna mtu na kitabu cha kuandika. Maske ya mutumikaji je? Tumeshauliza hilo mu mikutano, tutauliza tena.

Kwa anayenunua motokari ya mkono wa pili, mbele ya kutoa makuta, fungua tiyo ya kisha filtri, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu, mavumbi yamekwisha kupita. Kisha shika ile fimbo ya turbo kwa vidole, motere ikiwa imezimwa na imepoa. Ikicheza mpaka mabawa yanagusa ukuta, rudisha ufunguo kwa mwenyewe.