Velo ya vitesi: angalieni freni mbele ya mteremko

Katika nyumba nyingi za Kivu velo ndiyo gari ya familia. Inabeba muhogo kwenda sokoni, mtoto kwenda masomo, na usiku wa shida inabeba mgonjwa mpaka kituo cha afya. Siku hizi tunaona zaidi zile za milimani, zenye vitesi na springi mbele. Zinapendeza macho, lakini zilitengenezwa kwa mtu mmoja asiye na mzigo. Ukipandisha magunia mawili ya makala, kuna vitu vinavyokufa haraka.

Tuanze na freni, kwa sababu ndizo zinazoua. Anayeshuka Ngomo na mzigo hana kitu kingine cha kumsimamisha. Raba za freni zina mifereji midogo. Mifereji ikiisha, raba imekwisha. Ukichelewa, chuma kilicho ndani kinakula rimu, na rimu ina bei. Tazama pia waya karibu na mkono wa freni: uzi mmoja ukikatika, nyingine zitafuata. Na kama mkono wa freni unagusa usukani ukiubana, mtoto asiteremke nayo. Atembee kwa miguu, hata akichelewa masomo.

Mnyororo unaweza kuupima wewe mwenyewe kwa mita ya fundi cherehani. Hesabu pini 25, pima katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25. Mnyororo mpya unatoa karibu sentimita 30,5. Ukifika 30,8 umechoka, na utakula meno yote unayopitia. Hapo utanunua vitu vitatu badala ya kimoja.

Pedali ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Vijana wengi hawajui, wanailazimisha, na nyuzi za tundu zinaharibika. Mkono wa pedali ukianza kucheza, shuka uukaze hapo hapo. Ukiendelea kupanda, tundu linapanuka na hautashika tena.

Kuna mafundi wanaoondoa vitesi vyote na kuacha kimoja tu. Wengine wanacheka, eti wanaharibu velo. Mimi naona wana akili: kile chombo cha nyuma kinachohamisha mnyororo kinaning'inia chini, jiwe likikigonga kinapinda na kuingia ndani ya spoki. Lakini uliza kwanza kama gurudumu la nyuma linaweza kuvutwa nyuma. Pale linapokaa pakiwa wazi upande wa chini tu, mnyororo hautakazika, utaruka kila mara.

Vikundi vya AVEC vyenye velo ya pamoja viweke katika sanduku jozi mbili za raba na waya mmoja wa freni ya nyuma. Wa nyuma ni mrefu. Ukihitajika mbele, unakatwa.